Herufi za Mchezo

Katika viwanja vya shule za Kasulu na Kibondo, kama katika viwanja vingi vya Tanzania, wasichana hucheza rede. Wawili husimama mbali mbali wakitazamana, na wa tatu hukaa kati yao. Wale wawili hurushiana mpira wa matambara, au soksi iliyoshindiliwa, kwa nia ya kumpiga aliye kati. Naye hukwepa, huruka, huinama, na kila apatapo nafasi huteka mchanga kwa kiganja na kuutia katika chupa iliyosimama miguuni pake. Akipigwa kabla chupa haijajaa, hutoka. Ikijaa, ameshinda, kisha chupa humwagwa ili mchezo uanze tena.

Hesabu ya mchezo huu, basi, ni mchanga. Yaonekana kwa macho, haina hila, na haidumu. Msichana aliyejaza chupa kumi katika mwaka wake wa darasa la saba, na mwenziwe ambaye hakujaza hata moja, huondoka shuleni wakiwa sawa, kwa kuwa hapana mahali palipoandikwa tofauti yao. Ndugu zao wachezao mpira wa miguu na voliboli wana bahati kidogo kuliko wao: matokeo ya mwisho huandikwa ubaoni, aghalabu kwa tarakimu mbili, yakafutwa siku ya pili ili hesabu ya kugawanya ipate nafasi. Hata katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo huwatoa vijana hawa vijijini na kuwafikisha wilayani, mkoani na hata mbele zaidi, kinachobaki katika faili ni nani alimshinda nani. Jinsi alivyomshinda imekwenda na vumbi la uwanja.

Hapo ndipo penye ubishi. Wako watu, na baadhi yao ni wasomi wa vyuo vikuu, waonao ya kuwa kuandika mwenendo wa mchezo ni kazi ya mtu mwenye wasaa mwingi na akili chache. Wako na wengine, walio hatari zaidi kwa sababu nia yao ni njema, wasemao kwamba kazi hiyo yafaa sana na kwamba imekwisha kufanywa. Programu zipo, husema. Zimetengenezwa Marekani kwa ajili ya besiboli. Kijana hukaa mbele ya kibodi akabonyeza herufi moja baada ya moja, na mchezo mzima huingia katika mashine. Kilichobaki ni kuzileta na kuzifundisha kama zilivyo. Kundi la kwanza limekosea kwa uvivu, la pili kwa haraka. La kwanza litajibiwa kwa ufupi.

Jibu lake ni bao. Husemwa kwamba bao limeishi karne nyingi bila ya kuandikwa. Bao limeishi; michezo yake haikuishi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na lina msamiati ambao lugha yoyote ingejivunia: kunamua, kutakata, nyumba, kichwa, kimbi. Kwa maneno hayo mchezo ungeweza kuandikwa toka kete ya kwanza hata ya mwisho. Walakini msomaji atakaye kuchunguza kitabuni jinsi mafundi wa Zanzibar wafikirivyo wachezapo, na jinsi kumbukumbu zao zilivyo pana, hana budi kumwendea Mholanzi, Alexander de Voogt, ambaye uchunguzi wake ulichapishwa Leiden mwaka 1995, tena kwa Kiingereza. Hapana lawama juu yake. Alifanya kazi aliyoikuta imeachwa barazani. Lawama ni juu ya wale waliokuwa wamekaa baraza hiyo hiyo miaka yote na kalamu mifukoni.

Kundi la pili lahitaji jibu refu, kwa kuwa hoja yake ina sura ya maendeleo.

Besiboli ni mchezo unaokubali kuandikwa kuliko mingine. Mpira wa miguu hutiririka kama Malagarasi wakati wa masika. Besiboli hudondoka tone baada ya tone. Mrushaji hurusha, mpigaji hupiga au hukosa, mpira hudakwa au huponyoka, mkimbiaji hufika kituoni au hutolewa. Na kila mrusho una mwisho wake, unaoweza kutajwa kwa neno moja kabla mrusho mwingine haujaanza. Msichana wa rede angeuelewa mchezo huu upesi: yuko arushaye, yuko aliye hatarini, na liko jambo la kukamilishwa kabla ya kutolewa. Haihitajiki besiboli yenyewe ifike Kasulu ndipo hoja hii ipate maana. Atakayeketi kuandika rede au voliboli katika uwanja wa Kibondo atakutana na swali lile lile: aandike kwa herufi gani?

Wamarekani walilijibu swali hilo kwa penseli, tena zamani. Mwaka 1859 Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Exeter, Uingereza, na kukulia Brooklyn, alitengeneza jedwali la kufupisha mchezo wote katika gazeti. Alipotafuta herufi ya kumwandika mpigaji aliyekosa mara tatu akatoka, hakuichukua S, kwa kuwa S ilikuwa imekwisha pewa kazi nyingine. Alichukua K, herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza struck. Baadaye walinzi wa uwanjani walipewa namba: mrushaji ni 1, mdakaji aliye nyuma ya mpigaji ni 2, na kuendelea hata 9, aliye upande wa kulia wa uwanja wa nje. Mwandishi wa mchezo akiandika 643, msomaji aliye mbali naye kwa maili elfu na miaka hamsini ajua ya kuwa mpira uliokotwa na mlinzi wa 6, akampa wa 4 penye kituo cha pili, naye akamrushia wa 3 penye kituo cha kwanza, na wakimbiaji wawili wakatoka kwa pigo moja. Tarakimu tatu zimebeba sentensi ndefu kuliko hii.

Kibodi ilikuja baada ya hayo yote. Mwaka 1984 Bill James, aliyetaka mwenendo wa kila mchezo wa ligi kuu uwe mali ya watu wote, aliwaita wapenzi wa besiboli wauandike wenyewe, kila mmoja katika mji wake. Na madhali kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, alama zilipangwa ziweze kupigwa kwa herufi na tarakimu tupu, bila ya michoro. Mwaka 1989 David Smith, mwalimu wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, alianzisha Retrosheet, chama cha watu wa kujitolea wanaoyakusanya madaftari ya zamani na kuyapiga katika kompyuta kwa alama za namna ile, mchezo mmoja mmoja, kisha wakayatoa bure kwa kila ayatakaye. Daftari lililokuwa limelala juu ya dari la nyumba ya marehemu likawa laweza kusomwa na mashine, kwa sababu aliyeliandika na aliyeipanga mashine walikuwa wa ukoo mmoja wa herufi.

Kati ya jedwali la Chadwick na mwito wa James imepita miaka 125. Muda huo waandishi wa michezo waligombana, walisahihishana, waliacha alama zisizofaa na kushika zilizofaa. Programu haikuzivumba herufi zake, ilizirithi. Atailetaye Kasulu kama ilivyo ataleta urithi wa watu wengine, na kijana atakayeketi mbele ya kibodi atajifunza kwamba aliyekosa ni K kwa sababu Brooklyn ilisema hivyo. Atakuwa mpiga chapa hodari. Hatakuwa mwandishi wa mchezo, kwa kuwa mwandishi hujua kwa nini alama yake ni ile na si nyingine, na likitokea jambo jipya uwanjani ana njia ya kuliundia alama.

Hapa yafaa kuwatazama Wajapani, maana kwa juhudi zao besiboli iliingia katika shule za Tanzania katika miaka ya 2010, na kwa msaada wa nchi yao kiwanja cha mchezo huo kilipatikana mwaka 2018 katika shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Waliopokea mpira, glovu na fimbo ya kupigia wangalifanya vema kuuliza pia habari za daftari. Japani mchezo huandikwa kwa njia mbili kuu zilizotungwa na Wajapani wenyewe, na njia hizo hujulikana kwa majina ya vyuo vikuu viwili: Waseda na Keio. Ile ya Waseda imeenea zaidi mashuleni na kwa wachezaji wa ridhaa. Ile ya Keio imetumiwa na ligi ya kulipwa. Chuo kikuu hakikuona haya kufikiri juu ya namna ya kumwandika mtu aliyekimbia kutoka kituo cha kwanza hata cha pili. Msomaji wa jarida hili na ajiulize ni chuo kipi cha Afrika Mashariki chenye jina lake katika daftari la mchezo wowote.

Historia ya Japani ina na onyo lake, nalo si la kufichwa. Jina yakyu, ndilo jina la Kijapani la besiboli, lilitungwa mwaka 1894 na mtu aliyeupenda mchezo, Chuman Kanae, na hata leo lingali hai. Mwaka 1943, wakati wa vita, maneno ya Kiingereza yalifukuzwa uwanjani kwa amri, na mwamuzi akatakiwa kutamka maneno ya Kijapani badala yake. Vita vilipokwisha, maneno ya amri yalikufa na yale ya kigeni yakarudi. Kwa hiyo anayedhani kwamba hoja hii yataka kamati ikae mezani, ichapishe orodha ya istilahi mia mbili, na kuipeleka Kibondo kwa waraka, hakuielewa. Hakuna kamati iliyompa Mtanzania neno kuotea katika mpira wa miguu likamkaa mdomoni. Lilimkaa kwa sababu watangazaji wa redio walilihitaji kila Jumamosi, na wasikilizaji wakaligombania kila Jumapili.

Basi Kiswahili kina nini cha kutoa? Kwanza kina tatizo, na tatizo hilo ndilo lionyeshalo kwa nini herufi za kigeni haziwezi kutafsiriwa tu. Kwa Kiingereza majina mengi ya watu na matendo ya besiboli huanza kwa herufi mbalimbali, hivyo kuchukua herufi ya kwanza ni desturi nyepesi. Kwa Kiswahili kuna mrushaji, mpigaji, mdakaji, mkimbiaji, mlinzi, mwamuzi. Atakayefuata desturi ya herufi ya kwanza ataandika M, M, M na M, na daftari lake litalia kama zizi la ng'ombe wa Buha wakati wa jioni. Mwanafunzi wa sarufi aona dawa papo hapo: ngeli yake iachwe, mzizi ushikwe. Kutoka rusha huja R, kutoka piga P, kutoka daka D, kutoka iba I, kwa yule mkimbiaji aibaye kituo wakati mrushaji ametazama kwingine. Mizizi ya vitenzi, ambayo walimu huwachosha nayo wanafunzi kwa kuipanga katika majedwali yasiyo na kazi, hapa yapata kazi.

Liko jambo zuri zaidi. Katika besiboli tendo moja huandikwa katika hesabu za watu wawili: pigo ni sifa ya mpigaji na ni deni la mrushaji. Kiingereza hulitenga jambo hili kwa jedwali mbili. Kiswahili kina w. Mpigaji amepiga, mrushaji amepigwa. Mlinzi amedaka, mpigaji amedakwa. Mkimbiaji ameiba, mdakaji ameibiwa. Mzizi ni ule ule, na herufi moja iliyoongezwa yageuza upande wa kutazama. Kwenye kibodi ni kitufe kimoja zaidi: P kwa mmoja, PW kwa mwingine. Programu iliyotungwa kwa kufikiri hivi ingekuwa fupi, na mtoto wa darasa la sita angeielewa bila ya mwalimu wa kompyuta, kwa sababu sarufi yake anayo kinywani tangu alipoanza kulalamika kwamba amepigwa.

Wala isidhaniwe kuwa kila kitu kitalingana kwa urahisi. K ya Chadwick, kwa bahati, yaweza kubaki palepale, maana mpigaji aliyeshindwa mara tatu amekosa, na kukosa huanza kwa K. Lakini mlinzi aliyeponyokwa na mpira naye amefanya kosa. Kukimbia nako kunaitaka K hiyo hiyo. Herufi moja inadaiwa na watatu. Lipi lishike? Jambo kama hili halimalizwi ofisini. Humalizwa na waandishi watano waliokaa pembeni mwa uwanja siku ishirini, wakachanganyikiwa kwa sababu ya K mara tatu katika mchezo mmoja, wakapatana kwa hasira. Zaidi ya hayo, kibodi zinazouzwa madukani zina vitufe viwili ambavyo Kiswahili sanifu hakivihitaji, Q na X. Vimekaa bure. X kila mwanafunzi anaijua kutoka daftari lake la hesabu, na ingemfaa sana yule aliyetolewa.

Wapo watakaosema: lugha ya mashine ni Kiingereza, na vijana watajifunza tu. Hao wakumbushwe kwamba mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Sweden kuitoa kwa Kiswahili programu ya kuandikia na kuhesabia, wakaiita Jambo OpenOffice. Iliwezekana. Iliyofanyika pale ilikuwa tafsiri ya amri, yaani fungua, hifadhi, chapa. Kazi njema, walakini mtu aweza kutafsiri amri zote za mashine na bado asiwe na herufi hata moja ya kuandikia alichokiona kwa macho yake. Wapo pia watakaosema kwamba simu hupiga picha za video, daftari la nini? Video ya mchezo wa saa mbili huhitaji saa mbili kuitazama, na haiwezi kuulizwa ni nani aliyedaka mara nyingi zaidi. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka katika mashine za dizeli, na wenyeji wajua vema tofauti baina ya kitu kinachohitaji umeme na kitu kinachoweza kuungoja. Alama za herufi huandikwa kwa penseli leo na kupigwa katika kompyuta kuukuu wiki ijayo, bila intaneti, na hazipungui kitu.

Lakini sababu ya kuzitaja Kasulu na Kibondo kuliko miji mingine si umeme. Wilaya hizi, tangu zamani, zimekuwa mlango wa watu waliokimbia. Warundi waliingia mwaka 1972, wakaingia tena mwaka 1993. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Na mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa maelfu, Nyarugusu ilifurika na Nduta, katika wilaya ya Kibondo, ikafunguliwa upya. Katika kambi hizo watoto wamefundishwa kwa mitaala ya nchi walizotoka, Wakongo yao na Warundi yao. Kirundi na Kiha huelewana kama ndugu wa tumbo moja. Kiswahili cha Kongo na cha Tanzania huelewana baada ya kuchekana kidogo. Uwanjani watoto wa wote hawa wana mpira mmoja.

Hakuna watu waliohesabiwa kuliko hawa. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 ameingizwa katika kompyuta kwa ajili ya chakula, kwa ajili ya chanjo, kwa ajili ya shule na kwa ajili ya orodha za kurudi makwao. Kibodi anaijua: ni kile kitu kilicho upande wa pili wa meza, ambacho mtu mwingine hukibonyeza akimtazama. Hesabu hizo zilihitajiwa, na wengi wameishi kwa ajili yake, hilo lisikanushwe. Hata hivyo karibu zote ni hesabu za alichokosa: hana chakula, hana chanjo, hana nchi. Hesabu ya alichofanya, siku aliyoruka juu kuliko wote akadaka mpira ambao kila mtu alikwisha uona umepotea, haimo katika mashine yoyote. Na kama itaingizwa kwa alama zilizotoka mbali, ambazo yeye na waandishi wenziwe hawakuwa na sauti katika kuzitunga, atakuwa amehesabiwa mara moja zaidi, na meza ingali kati yake na kibodi.

Ndiyo maana neno njema halitoshi kwa wale waletao programu tayari. Wanadhani wanaleta chombo, ilhali wanaleta chombo pamoja na kauli. Chombo kipokewe kwa mikono miwili. Kauli iulizwe maswali. Mtunga programu wa Kitanzania akitaka kusaidia, asianze na rangi za kioo wala na nembo. Aanze na faili tupu la herufi, lifunguliwe na kompyuta yoyote, na sehemu moja ya programu iwe yaweza kubadilishwa na mwalimu wa michezo bila ya kumwita mtu kutoka Dar es Salaam: orodha ya alama na maana zake.

Idara za Kiswahili nazo zina wajibu, na hauhitaji fungu la fedha. Kila mwaka wanafunzi wao huenda mikoani kwa mazoezi ya kufundisha, na hurudi na ripoti zinazofanana hata kwa makosa ya tahajia. Watakaopangiwa Kasulu na Kibondo wapewe agizo moja zaidi: warudi na michezo ishirini ya rede, iliyoandikwa kwa penseli, mrusho kwa mrusho, kwa herufi watakazopatana na wasichana wenyewe, chupa ngapi zilijaa, nani alirusha, nani alikwepa, nani aligongwa na kwa upande gani. K itagombaniwa kabla mchezo wa tatu haujakwisha, na hapo mwalimu wa sarufi aitwe uwanjani, aje na viatu vya kukanyagia mchanga.